Mnamcheka Staa Kupinduka Mtoni, Je Wewe Unajua Kuogelea?

Najua wengi mmeshaiona ile klipu. Kwa ambaye hajaiona: staa mmoja wa kike wa hapa Bongo (simtaji, mwenye macho ameshamjua) alienda Jinja, Uganda, na mashosti zake, wakaingia Mto Nile na vile vimtumbwi vya plastiki vya rangi rangi, kayaki. Hata dakika haijaisha, chake kinapinduka, kichwa chini. Anaibuka anakohoa, kope moja ya bandia imebanduka, na mwalimu wake anampigia makofi. Klipu inaishia hapo, Bongo nzima ikaanza kucheka.

Komenti nimezisoma mpaka saa nane usiku. Wengine "kiki imebuma", wengine "mambo ya wazungu hayo dada, rudi nyumbani ukaange samaki".

Kiukweli mimi nipo upande wa dada. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mwalimu alipiga makofi. Mtu kazama, unashangilia nini?

Jibu nalijua kwa sababu na mimi nimepindushwa. Mwezi uliopita tulichangishana washkaji watatu wa Kariakoo, tukaenda Kunduchi kwenye mkondo wa mikoko, maji yakiwa yamejaa. Kuna jamaa anafundisha, na yeye alijifunzia huko huko Jinja. Nilidhani atatupa makasia tuanze kupiga picha. Wapi! Alituweka kwenye maji ya kifuani, mmoja mmoja, ukae ndani ya kayaki ya mtoni, unavalishwa kitu kama sketi ya mpira inayoziba tundu maji yasiingie, halafu anakupindua makusudi. Yaani uko kichwa chini, puani chumvi, miguu imebanwa. Unatakiwa utulie, uinamie mbele, upapase ile kamba ya sketi, uivute, usukume kiuno utoke. Haifiki sekunde kumi. Mimi ya kwanza nilisahau kila kitu nikaanza kupigana na maji, akanigeuza mwenyewe. Ya tatu ndiyo nikatoka peke yangu, na nyie, nilipiga kelele mpaka wavuvi wakageuka.

Kwa hiyo yule dada kutoka mwenyewe kwenye maji ya Nile yanayochemka ndiyo ufaulu wenyewe. Makofi yalikuwa halali.

Baada ya hapo ndiyo tukafundishwa kupiga kasia. Kasia la kayaki lina bapa mbili, huku na huku, na sisi wote tulitumia mikono kama tunatwanga. Nusu saa tunazunguka pale pale, mabega yanawaka moto. Kumbe nguvu inatoka kiunoni: unazungusha kiwiliwili, unachomeka bapa mbele karibu na vidole vya miguu, unatoa likifika usawa wa nyonga. Mshkaji wangu mmoja anauza vitenge, kazi yake ni kubeba mizigo, akajua ataongoza. Kaachwa na mwembamba wetu aliyesikiliza.

Hiyo ya "mambo ya wazungu" nayo naomba tuiache. Kayaki walianza nayo Wainuiti, watu wa kule kwenye barafu kaskazini kabisa mwa dunia, wakiunda kwa ngozi na kuwindia sili. Mzungu mwenyewe kaiga. Na sisi tuna mitumbwi na ngalawa toka enzi za babu zetu, halafu tunamuona mtu na kasia tunasema kaiga wazungu? Novemba 6, 2022 ndege ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba, ikiwa na watu 43, mvuvi kijana Majaliwa Jackson alifika na wenzake na, kwa maelezo yake mwenyewe, akatumia kasia kuvunja mlango wa nyuma. Watu 24 walitoka hai. Siku ile hakuna aliyesema kasia ni mambo ya wazungu.

Sasa nije nyumbani, Jangwani. Sisi tunaocheka klipu ya dada tumezaliwa kando ya Mto Msimbazi. Mvua kubwa ikipiga, barabara inafungwa, mwendokasi zinasimama, watu wanapanda juu ya mabati. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Nilikuwa mdogo, ila nakumbuka mama akituhesabu usiku kama kuku. Mtaani kwetu nimewauliza vijana kumi wa rika langu nani anajua kuogelea. Wawili. Na mmoja nina mashaka naye.

Jamani, sisemi mchukue beseni mkaingie Msimbazi ukifurika! Maji yale yana mabati, magogo, vyoo vya watu, na hata huyo mwalimu wangu hasogei. Ila kuna kitu alitufundisha ambacho kila mtoto wa bondeni angetakiwa kukijua: maji ya kasi yakikubeba, usijaribu kusimama. Mguu ukinasa chini, maji yanakulaza kifudifudi na huinuki tena. Lala chali, miguu itangulie, vidole vionekane juu, halafu jivute kwa mikono kwenda pembeni. Miaka yote niliyosoma shule hakuna aliyeniambia hivyo. Nimeambiwa nikiwa na miaka 25, kwa kulipia.

Staa wetu naye simuachi salama. Zile picha za mwisho kwenye mashua, mashosti wote wamevua laifu jaketi ili viuno vionekane, hapo ulituangusha dada. Una wafuasi watoto. Mwaka 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, nchi kavu inaonekana, na walikufa watu zaidi ya 200. Hiyo jaketi ya rangi ya chungwa ungeiacha tu, na bado ungependeza.

Na ile klipu ya kupinduka usiifute. Najua menejimenti yako inataka uifute.

Sisi Jumamosi tunarudi Kunduchi, somo ni kupinduka na kujigeuza bila kutoka kwenye kayaki, eti unatumia nyonga na kasia. Muuza vitenge anasema hatoenda, maji yaliingia sikioni. Nimemwambia hela ya nafasi yake nimeshalipia, na hairudishwi.