Nyonga iliyopinda: kadi ya bima peke yake haitainyoosha

Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, wagonjwa wengi huku Kigoma wananiuliza kama kadi italipia upasuaji wa mifupa. Ni swali la haki. Lakini kwa nyonga kuna swali linalotangulia: tatizo limegunduliwa lini, na limeandikwa wapi?

Nazungumzia nyonga ambayo mtu hakuzaliwa nayo imepinda. Kwa mtu mzima, shingo ya mfupa wa paja na mfupa wenyewe hufanya pembe ya nyuzi 125 hadi 135 hivi. Ikishuka chini ya 120, mguu hufupika na mtu huchechemea. Huenda alivunjika kwa ajali ya bodaboda au kwa kuanguka kutoka kwenye mchikichi, mfupa ukaunga vibaya. Huenda ni usaha au kifua kikuu kwenye kiungo, au selimundu iliyoharibu kichwa cha mfupa. Kwa watoto wanaobalehe, hasa wanene, kichwa hicho huweza kuteleza chenyewe.

Mzazi, kumbuka hili: maumivu ya nyonga mara nyingi husikika gotini. Mtoto huchuliwa goti wiki nzima, kumbe ugonjwa uko juu. Akichechemea, omba apimwe nyonga na apigwe eksirei ya nyonga zote mbili, kwa mbele na kwa ubavu. Akiwa na homa na hataki kukanyaga, mpeleke kituo cha karibu siku hiyohiyo. Usaha hausubiri boti ya kesho kutoka Kagunga.

Tiba hufuata chanzo. Kichwa kilichoteleza hufungwa kwa skrubu, na mtoto asikanyage mguu huo kabla ya hapo. Usaha huoshwa kwa upasuaji. Kifua kikuu hutibiwa kwa dawa, bila malipo katika vituo vya serikali. Mfupa uliounga vibaya huenda ukahitaji kukatwa, kunyooshwa na kufungwa chuma, na hapo rufaa inaweza kutoka Maweni hadi Bugando, au MOI Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli.

Ndiyo maana maandishi ni sehemu ya tiba. Hakikisha cheti kinasema ni mguu wa kulia au wa kushoto, ulianza kuuma lini na kwa sababu gani, pembe ni nyuzi ngapi na mguu umepungua sentimita ngapi. Tunza picha za eksirei zenye tarehe, za kabla na baada ya matibabu. Kama ni ajali, chukua PF3 polisi. Bila hiyo, kudai fidia ni vigumu.

Kadi hulipia gharama. Kuwahi, na kuwa na karatasi zako mkononi, ndiko kunakookoa mguu.