Ule wa Nyuma Njo Mwenye Kuchunga Nafasi

Ndugu vijana wa Boyoma, wa Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo, Kisangani na Lubunga,

Kila mara pikapu inagonga pikipiki kwa nyuma ku barabara zetu, maneno ni yale yale. Shofere anashuka, anaangalia kwanza taa za gari yake, kisha anasema: "Alisimama ghafla mbele yangu!" Watu wanajaa. Wamoja wanamtetea juu gari ni ya mukubwa, wengine wanatafuta mawe. Motari na abiria wake bado wako chini. Saa moja baadaye barabara imefunguka, na hakuna mtu ameuliza swali moja la maana: gari ilikuwa mbali na pikipiki mita ngapi?

Sisi tunasema wazi: ule wa nyuma njo mwenye kuchunga nafasi. "Alisimama ghafla" si kujitetea, ni kukubali kosa. Mtu wa mbele anaweza kusimama juu mtoto amekatisha njia, juu ya shimo, juu ya mbuzi, juu abiria amemgusa begani. Kama wewe wa nyuma hukuweza kusimama, ulikuwa karibu sana. Basi.

Hii si maoni ya vijana tu. Sheria yetu ya barabara, n° 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inamulazimisha kila shofere kuacha nafasi ya kutosha na gari yenye iko mbele. Mapatano ya Vienna ya 1968 juu ya barabara, kifungu 13, yanasema vilevile: uache nafasi yenye itakusaidia kutogonga hata kama wa mbele anapunguza mwendo au anasimama kwa ghafla. Hiyo neno "ghafla" tayari iko ndani ya sheria.

Tufanye hesabu kidogo. Ku mwendo wa kilometa 60 kwa saa, gari inatembea karibu mita 17 kila sekunde. Shofere mwenye macho ku barabara anahitaji karibu sekunde moja kabla mguu wake ufike ku freni: mita 17 zimekwisha, na gari haijaanza hata kupunguza. Kisha freni yenyewe, ku lami kavu na mipira mizuri, inaomba mita 20 zingine. Jumla ni mita 37. Mvua ikinyesha, jumla inapita mita 50. Na hapa kwetu mvua haina msimu mmoja, inanyesha karibu kila mwezi. Yale matone ya kwanza yenye kuchanganya vumbi na mafuta njo yanateleza kuliko yote. Ku potopoto, usiulize.

Sasa weka mzigo. Pikapu kubwa tupu inafika tani mbili. Tupakie magunia ya muchele, mapipa ya mafuta, na vijana sita juu ya mzigo, inaelekea tani tatu na zaidi. Uzito ukiongezeka, nguvu yenye freni inapaswa kuzima inaongezeka vilevile. Mwendo ukirudia mara mbili, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Freni zenye zimechoka zinapata moto na kulegea. Mbele yake kuna nini? Pikipiki ya kilo mia na kitu, motari, na mama nyuma mwenye mtoto. Wa kwanza kupigwa si motari, ni ule mama. Na kama pikapu ina vile vyuma vinene vya mbele, vinafika sawasawa ku mgongo wake. Umoja wa Ulaya uliweka sheria juu ya vyuma hivyo tangu 2005, vipimwe kwanza kama haviumize mtu kupita kiasi. Hapa kwetu ni mapambo.

Shofere mmoja atajibu: "Nikiacha nafasi, wamotari wataingia." Ni kweli, wataingia. Ukiingiliwa, legeza mguu, nafasi itarudi. Umepoteza nini? Sekunde mbili. Wakiingia mara kumi toka mjini mpaka uwanja wa ndege wa Bangboka, umechelewa sekunde 20. Hakuna ndege yenye iliruka juu ya sekunde 20.

Mwingine atasema: "Wamotari hawana adabu, wanasimama katikati ya njia kubeba abiria." Na hilo pia ni kweli, tutalisema hapa chini. Lakini kama unajua wanasimama ovyo, njo sababu ya kuwa mbali, si sababu ya kuwakaribia na kupiga klakson. Mtu anajua mbwa anauma, na anaenda kuweka mkono mdomoni?

Tuseme ukweli wenye unauma. Ku Kisangani kumusukuma wa mbele kwa pikapu si haraka tu, ni kuonyesha ukubwa. Misafara ya wakubwa, gari za kazi, gari za wafanya biashara wenye kutoka njia ya Bafwasende ao ya Buta: kila mmoja anataka barabara imufungukie. Wa toleka kwa kinga yake anaruka ku mtaro. Lakini toleka maana yake ni "tupite". Sisi wote tupite, si mwenye vyuma peke yake. Barabara ni ya raia, na ile nafasi ya mita 20 ao 30 nyuma ya pikipiki si nafasi tupu. Ni maisha ya mtu.

Juu ya hiyo tunaomba mambo haya.

Kwa mashofere: hesabu sekunde tatu. Chagua nguzo ao mti. Wa mbele akiupita, anza polepole: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu. Ukifika ku nguzo mbele ya kumaliza, uko karibu sana. Mvua, giza, vumbi ao mzigo: hesabu sita. Hata mjini, ku kilometa 30 kwa saa, sekunde tatu ni mita 25, urefu wa pikapu tano tu. Na simu iwekwe mbali. Ujumbe mmoja wa WhatsApp unakula zile sekunde zote.

Kwa wamotari na wa toleka, wandugu zetu: taa ya nyuma iwake, ao kioo chekundu kionekane usiku. Ukitaka kusimama, onyesha mkono, sogea pembeni kwanza, kisha simama. Abiria mmoja. Ule wa nyuma njo mwenye kuchunga nafasi, lakini mgongo wako hauna asiransi.

Kwa wenye magari, serikali, mashirika na wafanya biashara: sheria ya raia, kitabu cha tatu, kifungu 258, inasema mwenye kuharibu kwa kosa lake anapaswa kulipa, na kifungu 260 kinamushika pia mwenye kumutuma. Shofere wako akigonga mtu akiwa ku kazi yako, ni deni lako. Usimuambie "kimbia haraka" asubuhi, kisha umukane jioni. Na asiransi ni lazima tangu 1973. SONAS haiko tena peke yake tangu sheria ya 2015, basi hakuna kisingizio.

Kwa polisi ya PCR na CNPR: tumechoka kuona kizuizi cha kuuliza karatasi ya motari peke yake. Angalieni freni, mipira na mzigo wa pikapu pia, hata yenye vioo vyeusi. Na ajali ikitokea, mupime mita, muandike, mumupe aliyegongwa kopi ya maandishi.

Kwa sisi wote wenye kuwa pale: tusichome gari, tusimupige shofere. Gari iliyochomwa hailipi hospitali, na ushahidi wote umekwenda na moshi. Tubebe kwanza mgonjwa, na tusimuvute ovyo kama mgongo umeumia. Tupige picha ya namba ya gari, ya karatasi ya asiransi ku kioo, na ya alama za mipira ku lami kabla mvua izifute. Tuandike majina ya mashahidi wawili. Shofere akikimbia, kukimbia kwenyewe ni kosa lingine mbele ya sheria. Familia ya motari inashindwa mara mingi ku ofisi, si juu haina haki, lakini juu haina karatasi hata moja.

Wandugu, hatuombi barabara mpya leo, ingawa tunazihitaji. Nafasi hii haihitaji bajeti, wala waziri, wala mfadhili. Inahitaji mguu wenye kulegea ku mafuta.

Ukiwa nyuma, hesabu tatu. Mukubwa ao mdogo, hesabu tatu.