Telefone ya mama, mchezo wa mtoto



Juma hili tuongee juu ya telefone. Si telefone ya mtoto, maana watoto wetu wengi hawana yao. Tunasema ile telefone moja ya nyumba, inayolala karibu na kichwa cha mama. Ndani yake mna feza za M-Pesa au Airtel Money, mna kikundi cha AVEC, mna namba za ndugu waliohama. Na kila jioni, umeme ukiwapo, mtoto anakuja: "Mama, nicheze kidogo tu."

Mama anampa, na tunajua kwa nini. Masomo yamefungwa zaidi ya mara moja katika miaka hii: wakati wa korona, kisha Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na watu wakakimbilia Sake na Gisenyi, tena vita ilipoingia mjini Januari 2025. Inje kukiwa na hatari, mama anaona afazali mtoto akae ndani na telefone kuliko kuzunguka barabarani. Wazo hilo ni zuri. Lakini telefone nayo ina mlango wa inje, na mlango huo watu wanaingia bila kupiga hodi.

Tuanze na mchezo wenyewe, sababu wamama wengi wanasikia risasi tu na hawajui mtoto anafanya nini. Mchezo ambao vijana wanautaja sana ni Free Fire, wa kampuni ya Garena ya Singapore, uliotoka mwaka 2017. Wachezaji kama 50 wanashuka kwenye kisiwa na kupigana mpaka abaki mmoja, au kikundi kimoja. Wanaweza kucheza wanne wanne, na wanasikilizana kwa sauti. Basi mtoto ameketi ndani ya nyumba yako Ndosho, kumbe anaongea na mtu aliye Kinshasa, Nairobi, au mahali usipopajua. Anaweza kuwa mtoto mwenzake. Anaweza pia kuwa mtu mzima mwenye miaka 40. Mchezo hauonyeshi sura. Kwa hiyo usiuhesabu kama mpira au karata peke yake: ni mahali pa kuongea na watu.

Jambo la pili ni almasi. Mchezo unatolewa bure, lakini ndani yake kuna "almasi", na almasi zinanunuliwa kwa feza ya kweli. Kwa almasi mtoto anavalisha mchezaji wake nguo nzuri na kupamba silaha zake. Asiye nazo wenzake wanamcheka. Ndiyo sababu maneno "almasi za bure" yanamvuta mtoto kama sukari inavyovuta sisimizi, na watu wabaya wanajua hivyo.

Angalia namna mtego unavyotegwa. Mtu anamwambia mtoto: "Nitakupa almasi. Nipe namba ya WhatsApp." Mtoto anatoa namba ya mama, maana ndiyo iliyopo. Kisha: "Utaona mesaji yenye tarakimu sita, nitumie." Tarakimu zile ndizo ufunguo wa WhatsApp ya mama. Mtoto akizituma, yule mtu anaifungua kwenye telefone yake, na mama anatolewa. Saa ileile wamama wa AVEC wanapata ujumbe kwa jina lako: "Dada zangu, niko na shida, mnisaidie kidogo, nitarudisha kesho." Nani atakataa kumsaidia mwenzake? Feza zinaenda, na uaminifu wa kikundi unavunjika.

Mtego mwingine ni mbaya zaidi. Mtu anamsifu mtoto siku nyingi, anamtumia mega, anamwita rafiki. Siku moja anaomba picha. Kisha picha bila nguo. Akiisha kuipata, sauti inabadilika: "Tuma nyingine, au lete feza, ama nitaipeleka kwa mama yako na kwa watu wa masomo yako." Wasichana wanapatwa na hayo, na wavulana vilevile.

Hapa ndipo tunapotaka tusimame, sababu ndiyo maana ya barua hii. Mtu yule hana nguvu ya kuingia nyumbani mwako. Nguvu yake yote ni moja: mtoto anamwogopa mama yake kuliko anavyomwogopa yeye.

Mashirika ECPAT, INTERPOL na UNICEF yalitoa ripoti mwaka 2021 na 2022 juu ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti katika Kenya, Uganda na Tanzania. Yaliyoonekana kwa majirani wetu ni haya: watoto wengi waliopatwa na mambo hayo hawakumwambia mtu, ama walimwambia rafiki tu. Walioenda polisi walikuwa wachache sana. Na mara nyingi aliyewafanyia ubaya hakuwa mgeni, alikuwa mtu waliyemjua tayari.

Darasani kwetu tuliwaomba wanafunzi waandike kwenye kikaratasi, bila jina: mtu akikutisha kwenye telefone, ni nini kitakuzuia kusema nyumbani? Walijibu: "Nitapigwa." "Watanikataza telefone." "Watasema ni mimi niliyemtafuta." Msichana mmoja aliandika: "Mama atamwambia papa." Hakuna aliyeandika kwamba mama hampendi. Waliogopa azabu tu.

Tusielewane vibaya. Hatusemi mtoto aachwe bila sheria. Tunasema azabu ya kosa na mlango wa kuomba msaada visichanganywe. Mtoto akijua kwamba kusema ni sawa na kupigwa, atanyamaza, na yule mtu ataendelea kumkamua usiku baada ya usiku. Mwambie mapema, kabla jambo halijafika, kwa maneno mafupi: "Mwanangu, mtu akikuomba picha, kode au siri, njoo uniambie. Hata kama umekwisha kumtumia. Siku hiyo sitakupiga, na telefone sitakukataza." Na siku hiyo ikifika, ushike neno lako. Papa wa nyumba naye asikie maneno hayo na akubali, sababu ahadi ya mama peke yake mtoto anaipima.

Sasa kazi za mikono. Mama asiyejua kusoma naye anaweza: mwite mtoto akuonyeshe, yeye awe mwalimu wako.

Kwanza, kode ya feza ni ya mama peke yake. Wamama wengi wanamwomba mtoto awatumie feza, na kode anaijua. Mtoto asome mesaji, lakini vidole vinavyoandika kode viwe vyako. Kama anaijua tayari, ibadilishe leo.

Pili, uweke WhatsApp ufunguo wa pili. Telefone nyingi hapa kwetu zinaongea Kifaransa: gusa "Paramètres", kisha "Compte", kisha "Vérification en deux étapes", uchague tarakimu sita zako. Mwizi akipata tarakimu za mesaji, za kwako atazikosa. Na nyumba nzima ijue: tarakimu zinazokuja kwa mesaji hazipewi mtu yeyote, hata akisema yeye ni wa kampuni.

Tatu, katika "Confidentialité", kwenye "Groupes", uchague "Mes contacts". Hivi mtu usiyemjua hatakutia kwenye kikundi cha mambo ya aibu ambacho mtoto atakifungua mbele yako.

Ine, mtoto acheze sebuleni, si chini ya blanketi, na sauti isikike. Saa ya kuanza na saa ya kumaliza zijulikane. Mara moja kwa juma uketi karibu naye mpaka mchezo mmoja uishe, haupiti nusu saa. Muulize: Unacheza na nani? Unamjua kwa sura? Amekwisha kukuomba kitu? Uliza kwa sauti ileile unayouliza juu ya mpira.

Tano, umri. Facebook na TikTok zinataka miaka 13. Mtoto wa miaka tisa asifunguliwe konti kwa umri wa uongo, maana atahesabiwa mkubwa na kuletewa ya wakubwa. Na hata mkubwa, katika mji wetu huu, asipige picha wala vidio za watu wenye silaha. Picha ile inaweza kuleta hatari mpaka nyumbani.

Na kama jambo limekwisha kutokea? Neno lako la kwanza liwe: "Umefanya vizuri kuniambia." Maswali yatafuata. Msilipe, sababu anayelipwa leo anarudi kesho. Msifute mesaji: mwandike namba na jina la mtu, mchukue picha ya maneno yake ya kutisha, kisha mmfunge asiandike tena. Picha ya mtoto isitumwe kwa mtu yeyote, hata kwa shangazi au kwa mchungaji ili "aone mwenyewe". Kila anayeituma anamwongezea mtoto aibu, tena anajitia matatani. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inasema kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na Kode ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inatia azabu wanaopitisha picha kama hizo kwenye intaneti. Mtoto aliyedanganywa ndiye aliyekosewa.

Kuna pia huduma ya bure inayoitwa Take It Down, ya shirika NCMEC la Marekani, kwa picha za walio chini ya miaka 18. Picha inabaki kwenye telefone yako. Kinachotumwa ni alama yake tu, na Facebook, Instagram na TikTok zinatumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa. Mwalimu au kijana unayemwamini anaweza kukusaidia kuifungua.

Na kama mtoto alikutana na mtu huyo, na akamfanyia ubaya wa mwili, usingoje aibu ipungue. Mpeleke hospitali mbele ya saa 72 kupita, sababu dawa ya kuzuia ukimwi inafanya kazi ndani ya siku hizo tatu. Hapa Goma hospitali ya HEAL Africa inapokea waliopatwa na mambo hayo. Polisi na wakubwa wa avenyu watafuata nyuma.

Neno moja juu yetu sisi wakubwa. Mwezi wa saba, matokeo yakitangazwa, wazazi wanafurahi na kuweka buletini ya mtoto kwenye statu: jina kamili, darasa, jina la masomo, na picha yake akivaa nguo ya masomo. Anayetaka kumngoja mtoto njiani amekwisha kupata yote aliyohitaji, na ni sisi tuliompa. Furahi, wamama, lakini funika jina na masomo, ama mwonyeshe bibi yake buletini kwa mkono.

Kazi ya nyumbani ya juma hili ni moja, nayo haiombi mega wala inite. Jioni moja, mkikaa karibu na mbabula, mwambie kila mtoto ile ahadi yako, kisha mwombe airudie kwa maneno yake. Ukisikia ameielewa, umefunga mlango ambao hakuna kufuli ya telefone inayoweza kuufunga. Kwenye mkutano wa kikundi, kila mama aeleze mtoto alivyojibu.

Tuonane juma lijalo. Mungu azilinde nyumba zenu.