Kichezeo cha kasuku kisichoisha hakifai

Vijana wenzangu, hapa tumezoeana kwa kuku wa mayai, nyanya na bei ya pumba. Leo mniruhusu nizungumzie kasuku. Msicheke kwanza.

Kijana mmoja wa Kibaha, mwenye kuku wa mayai 600, alinipigia simu nikadhani ni habari za kuku. Kumbe ni kasuku wa kijivu aliyeachiwa na baba yake mdogo. Ndege anajinyonyoa manyoya ya kifuani mpaka ngozi iko wazi. Mimi kwa haraka zangu za kazi nikamjibu palepale: huo ni utitiri, mmulike usiku kwa tochi. Akammulika siku tatu, hakuona mdudu hata mmoja.

Nilipofika kwake ndipo nikaona nilivyokosea. Tundu safi, maji safi, alizeti imejaa bakuli, na kitu kimoja tu cha kuchezea: kipande cha mnyororo wa kung'aa kilichoning'inizwa kwa waya wa kufungia nondo. Nikamuuliza, kwa nini mnyororo? Akasema, "Kaka, vya mti anavimaliza siku mbili. Huu haumalizi."

Sasa hapo ndipo ninapobishana na wengi wenu. Sisi wakulima tunanunua kitu kwa kuuliza kitadumu misimu mingapi. Kwa pampu ya maji hiyo ni akili. Kwa kasuku ni kinyume. Kichezeo chake kizuri ni kile anachoweza kukitafuna, kukichana na kukimaliza bila kuumia. Ukiona kimekaa mwaka mzima kiko vilevile, ujue hakijamsaidia kitu.

Porini, iwe Congo, Uganda au misitu ya Kagera, ndege huyu anatumia sehemu kubwa ya siku kutafuta chakula. Anaruka mbali, anachambua matunda ya michikichi, anabangua mbegu, anaguguna magome. Tunduni anashiba kwa dakika chache. Saa zilizobaki afanye nini? Na hili mnalijua vizuri, ila mnalijua kwa kuku. Kuku wakibanana bandani bila cha kufanya wanaanza kudonoana, ndiyo maana huwa tunawaambia mning'inize fungu la mchicha au kabichi. Kuku anamdonoa mwenzake. Kasuku yuko peke yake, anajigeukia mwenyewe.

Halafu huyu ana kichwa chepesi kweli. Kule Marekani, mtafiti Irene Pepperberg alinunua kasuku wa kijivu dukani Chicago mwaka 1977, akamwita Alex. Mpaka anakufa mwaka 2007, Alex alikuwa anataja rangi, maumbo na idadi ya vitu anavyoonyeshwa. Ndege wa namna hiyo unamfungia na mnyororo, miaka nenda rudi!

Mnyororo wenyewe ulikuwa hatari nyingine. Ule mng'ao ni zinki. Kasuku wa kijivu ana nusu kilo hivi au pungufu, na kazi yake ni kuguguna. Zinki ikimwingia kidogo kidogo inakuwa sumu: anapunguza kula, anatapika, kinyesi kinabadilika, analegea. Yule wa Kibaha alikuwa ameshaanza kukataa chakula, mwenyewe akidhani kanuna. Tukatoa mnyororo, tukampeleka kwa daktari wa mifugo siku ileile. Na wewe usije ukafanya kama nilivyofanya mimi, kutibu kwa simu. Kujinyonyoa kunaletwa pia na magonjwa na lishe mbovu, kwa hiyo daktari aanze, vichezeo vifuate.

Wavu wa kuku na waya wa kufungia vihesabuni kwenye kundi lilelile la zinki. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, nazo mbaya. Nyuzi za magunia ya mbolea zinaonekana laini, lakini zinajiviringisha kwenye kidole zinakata damu, na akizimeza zinajikusanya tumboni. Njuga zenye mwanya zinanasa kucha. Pete au tundu linaloweza kupita kichwa bila kutoka, usiweke.

Mbona vifaa vizuri mnavyo shambani bure? Tawi la mpera lenye magome yake, kipande cha mwanzi, kifuu cha nazi, boksi lisilo na gundi ya utepe wala pini. Gunzi la mahindi ni tamu sana kwake: unaficha mbegu chache za alizeti katikati ya maganda makavu, unafunga kwa ganda lenyewe, mwache ahangaike. Ila liwe kavu. Mnavyoogopa sumukuvu kwenye mahindi ya kuuza, iogopeni vilevile hapa, na karanga pia. Tawi litoke kwenye mti usiopuliziwa dawa, na vipande vya nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa viacheni hukohuko.

Mnaolima parachichi, mnisikilize vizuri. Mkipogoa mtakuwa na matawi mengi na mtatamani kuyatumia. Usimpe tawi la mparachichi, wala jani, wala tunda. Kwa ndege ni sumu, na inaweza kumuua.

Kitu kipya usikitumbukize tunduni ghafla, kasuku wa kijivu ni mwoga. Kining'inize mbali kidogo siku mbili tatu, akizoea kisogeze. Na usimpe vyote kwa pamoja, badilishabadilisha kila wiki.

Jambo la biashara: usichukue chochote bandani kwa kuku ukakipeleka tunduni, wala usirudi bandani bila kunawa mikono na kubadili viatu. Kideri kinampata kasuku pia, na kuku 600 siyo wa kuchezea.

Wapo watakaosema afisa ugani anahangaika na midoli ya ndege wakati viwavijeshi viko shambani. Sawa. Lakini mfugaji anayeweza kuona kwamba ndege wake kachoka na upweke, ndiye huyohuyo atakayeona kuku wamenyong'onyea kabla mayai hayajashuka.

Simwambii mtu akanunue kasuku, jamani. Kasuku wa kijivu yuko kwenye orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES tangu 2017, kwa sababu wamekamatwa mno porini. Ukiwa naye tayari, nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya uulize habari za kibali, usisubiri kuulizwa wewe.

Yule wa Kibaha anakula sasa. Kifuani yameanza kutoka manyoya madogo, upande mmoja bado wazi. Gunzi moja anamaliza asubuhi, na mwenye nyumba analalamika kufagia.