Uhuru wa Nani, Sheikh Shaaban?

Kuna waandishi ambao ukiwagusa, watu wanakutazama kana kwamba umemtukania mtu mamake. Shaaban Robert ndiye wa kwanza. Darasani tunampokea akiwa ameshafanywa mtakatifu: baba wa Kiswahili, mwalimu wa utu. Tunakariri kuzaliwa 1909, kufariki 1962, tunaandika aya mbili kuhusu Kusadikika, tunasonga. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, karo ilinishinda, na kwa mihula yote niliyokaa pale hakuna mhadhiri aliyewahi kututajia Utenzi wa Vita vya Uhuru.

Na si kitabu cha kupotea machoni. Ni beti zipatazo 3,000. Ukisikia jina hilo leo utadhani ni Mau Mau, au Maji Maji. Wapi! Ni vita vya 1939 hadi 1945, vya Hitler na Churchill, vikisimuliwa kutoka upande wa Uingereza na wenzake. Msimulizi, vita vilipoanza, alikuwa karani wa forodha wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Baadaye Waingereza walimpa nishani ya MBE.

Nasema wazi: hiyo ni propaganda ya vita. Mizani imetimia, vina vimekaa, lakini ni propaganda.

Najua mtakachonijibu, kwa hivyo tumalizane nacho mapema. Mtasema Hitler alikuwa Hitler. Kweli. Tanganyika ilikuwa imeshatawaliwa na Wajerumani, na miaka ya thelathini Ujerumani ilikuwa inadai irudishiwe makoloni yake. Mtu wa Tanga aliyezaliwa miaka michache tu baada ya Maji Maji kuzimwa hahitaji kufundishwa na mtu kuwaogopa. Hapo sina ugomvi naye. Ningekuwa yeye, ningewaombea Waingereza washinde, na ningelala vizuri.

Pia simfananishi na Ezra Pound. Pound, kwa wasiomjua, ni Mmarekani aliyechangia sana kuugeuza ushairi wa Kiingereza uwe wa kisasa. Alihamia Italia, akampenda Mussolini, na kuanzia 1941 akawa anatangaza kwenye redio ya Roma akiwatukana Wayahudi na Rais Roosevelt. Mwaka 1945 Wamarekani wakamtia kizuizini karibu na Pisa, kisha wakamfungia katika hospitali ya wagonjwa wa akili Washington hadi 1958. Mwaka 1949, akiwa bado humo ndani, akapewa tuzo ya Bollingen kwa mashairi aliyoanza kuyaandika kizuizini. Watu wakarukiana. Wanarukiana hadi leo. Huwezi kumsoma Pound ukajifanya hukusikia ile redio, na hilo tu ndilo ninalolitaka kutoka kwao. Dhambi zao wabaki nazo.

Sisi je? Sisi tumechagua kitabu kimoja cha Shaaban tukakifanya ngao. Ukiuliza kuhusu ukoloni unaambiwa, "Lakini aliandika Kusadikika!" Sawa, alikiandika, na ni fumbo zuri la utawala usiotaka kusikia. Kilitoka 1951. Utenzi ni wa mtu yuleyule. Kwa nini kile kiwe ushahidi na huu uwe siri ya familia?

Tatizo langu liko kwenye neno moja pale juu ya jalada: uhuru.

Naandika haya nikiwa Tala, Machakos, na hapa neno hilo lina historia. Mwaka 1938, mwaka mmoja tu kabla ya vita, serikali iliamua ng'ombe wa Wakamba ni wengi mno, ati wanamaliza udongo. Ikawakamata na kuwauza kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama cha Liebig pale Athi River kilikuwa tayari kinawangoja. Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu kwenda Nairobi kumtafuta gavana, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Jibu? Muindi akakamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Jina lake mnalijua, ni ile barabara mnayopita mkienda City Market.

Gavana mwenyewe aliitwa Robert Brooke-Popham. Mnajua alienda wapi baada ya hapo? Singapore, kuwa kamanda mkuu wa Waingereza Mashariki ya Mbali, kuilinda dunia huru dhidi ya Wajapani. Alibadilishwa Desemba 1941, na Februari 1942 Singapore ikaanguka. Halafu nani akapelekwa upande huo kupigana? Askari wa keya, na katika keya Wakamba walijaa kuliko idadi yao nchini. Mwaka 1944 walikuwa Burma, kwenye matope ya bonde la Kabaw, mvua ikiwanyeshea usiku na mchana. Waliporudi, kiinua mgongo kilipangwa kwa rangi ya ngozi.

Sasa niambie mtu wa hapa aliyenyang'anywa ng'ombe 1938, akavalishwa sare, akaitwa mpigania uhuru. Uhuru wa nani?

Wala msiniambie utenzi kama fani ulikuwa haujui kuuliza swali hilo. Pwani ileile ya Tanga, kabla Shaaban hajazaliwa, Hemedi bin Abdallah al-Buhry alitunga utenzi kuhusu Wadachi walivyoutwaa Mrima, na alijua vizuri anayesimama naye ni nani. Fani ilikuwepo, na ujasiri ulikuwemo ndani yake. Shaaban aliirithi akaipeleka kwingine.

Kinachonichoma zaidi ni tarehe ya kuchapishwa. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulitoka 1967, mwandishi akiwa kaburini miaka mitano, Tanganyika ikiwa huru tangu 1961, na Oxford University Press ndio waliouchapisha. Mwaka huohuo, hapa Nairobi, Waruhiu Itote, yule Jenerali China wa Mau Mau, alichapisha kumbukumbu zake. Itote alikuwa keya. Alipigana Burma. Anasimulia jinsi mazungumzo na wanajeshi wengine kule vitani yalivyomfanya ajiulize yeye hasa anapigania nini. Karani hakuwa Burma, na akapata jibu kwa beti 3,000. Askari alikuwepo, akarudi na swali, kisha akaingia msituni nalo.

Vitabu viwili, mwaka mmoja, vita vilevile. Sijawahi kuona mtaala unaoviweka pamoja. Wakubwa wetu wa fasihi wanaona ni heshima kumficha mzee, kama vile familia inavyomfungia chumbani babu anayeropoka wageni wakija. Lakini Shaaban hakuropoka. Alikaa chini akahesabu mizani, ubeti baada ya ubeti, na alijua alichokuwa anasema.

Basi mwalimu, unayefundisha Kusadikika muhula huu, mtafute huyo Karama anayesimama mahakamani kujitetea, halafu uweke utenzi kando yake. Waulize vijana: Karama angesema nini kuhusu Muindi Mbingu aliyefungiwa Lamu wakati serikali iliyomfunga inaimbiwa uhuru? Usiwape muhtasari. Waache wagombane hadi kengele ilie.