Kompyuta haiujui ukuta wako



Mada yangu leo ni kenchi za paa. Nyie wa sheria na uchumi msifunge jarida, maana nanyi inawahusu. Jumuiya za wanafunzi kama hii yetu zinapochangisha fedha za kujenga darasa nyumbani, hakosekani mhandisi mmoja wa kujitolea kuchora paa. Siku hizi mchoro unatoka kwenye programu ya kompyuta, una rangi nyekundu, njano na buluu, unatumwa kwenye simu za wanakamati, na kila mtu anaridhika. Mimi nasema tusiridhike haraka hivyo. Picha ile ni jibu la swali ambalo mchoraji aliliuliza, na kamati haijui aliuliza nini.

Chukua kenchi ndogo kabisa, pembetatu: mbao mbili za mteremko, na moja ya chini inayoziunganisha. Upana mita 8, kimo mita 3, kwa hiyo kila mteremko una mita 5. Weka kileleni mzigo wa kilonyutoni 12, yaani kama kilo 1,200. Kwa kalamu ni kazi ya dakika tano. Kila ukuta unabeba 6, kila mteremko unagandamizwa kwa 10, mbao ya chini inavutwa kwa 8. Kwisha. Aliyesoma fizikia ya sekondari vizuri ataiweza.

Kompyuta inapita njia nyingine. Kila mbao inaichukulia kama springi, ambayo ugumu wake unatokana na aina ya mbao, unene na urefu. Springi zinakutana kwenye nodi tatu, halafu programu inatafuta kila nodi itasogea kiasi gani. Hapa inabaki na milinganyo mitatu tu. Hakuna uchawi, wala si jambo geni: makala maarufu ya Turner, Clough, Martin na Topp, watu waliokuwa wakishughulikia mabawa ya ndege, ilitoka mwaka 1956, na jina la elementi finiti Clough alilitumia mwaka 1960.

Sasa angalia mchezo unapoharibikia. Programu inakuuliza kenchi imeegemea nini. Ili ulingane na hesabu ya kalamu, upande mmoja unaweka pini, haisogei kokote, na upande wa pili rola, inayoruhusiwa kuteleza kidogo kwa ulalo. Wengi wanabofya pini pande zote mbili. Si kenchi imekaa juu ya kuta mbili, inakwenda wapi? Programu hailalamiki. Inarudisha jibu safi kabisa: mbao ya chini, sifuri. Ncha zake zote mbili umezigandisha, haiwezi kurefuka, na isiporefuka haina nguvu ndani yake. Zile kilonyutoni 8 zimehamia kwenye kuta, zinazisukuma nje, huku 8 na huku 8.

Ukisahau maegemeo yote, programu itagoma, na hiyo ni heri. Hatari ni hili kosa lisilogoma. Mtu anayetazama rangi tu ataona mbao ya chini haifanyi kazi, ataipunguza unene, au ataiondoa kabisa kubana matumizi. Fundi ataipandisha kenchi hiyo juu ya ukuta wa tofali za kuchoma ambao haukujengwa ili usukumwe ubavuni, na chini yake watakaa watoto. Kompyuta haiujui ukuta ule. Aliyeiambia kwamba ni mwamba ni mchoraji.

Twende kwenye mteremko. Tuseme ni mbao ya milimita 50 kwa 100. Kilonyutoni 10 juu ya eneo hilo ni nyutoni 2 kwa kila milimita ya mraba, kidogo sana, na programu itaipaka buluu, yaani salama salimini. Lakini mbao nyembamba ya mita 5 haiishi kwa kupondwa. Inapinda ubavu, kama rula ukiibana kwenye ncha zake. Kwa fomula ya Euler, ikiwa haijashikwa popote katikati, na ugumu wake ni nyutoni 8,000 kwa milimita ya mraba, itapinda kwenye kilonyutoni 3.3 hivi. Theluthi ya mzigo! Uchambuzi wa kawaida hauoni jambo hilo, lazima ulitafute mwenyewe. Nyumbani kinachoiokoa kenchi ni papi zinazopigiliwa juu yake na mbao za mshazari zinazozizuia zisihame, kitu ambacho fundi wa mtaani anakijua bila kumsikia Euler.

Wala msidhani haya ni ya wanafunzi tu. Hapa hapa Marekani, mjini Hartford, alfajiri ya tarehe 18 Januari 1978, paa la ukumbi wa michezo lilianguka likiwa na theluji, saa chache baada ya watu wapatao 5,000 kutoka kwenye mechi ya mpira wa kikapu. Hakufa mtu, kwa bahati tu. Lilikuwa paa la fremu ya vyuma lililosanifiwa kwa msaada wa kompyuta, jambo la kujivunia wakati ule. Kwenye hesabu, vyuma vya juu vilichukuliwa kuwa vimeshikwa katikati ili visipinde. Juu paani, vingi havikushikwa hivyo. Na paa lilipopandishwa mahali pake, lilinepa mara mbili ya kompyuta ilivyotabiri. Wahandisi wakaambiwa. Wakajibu kwamba tofauti kama hizo ni za kawaida.

Na Minneapolis, tarehe 1 Agosti 2007, daraja la I-35W lilianguka na watu 13 wakafa. Lile lilisanifiwa miaka ya 1960, siilaumu programu. Ila tazama lilipoanzia kushindwa: kwenye mabamba ya kuungia vyuma, ambayo baadhi yalikuwa na karibu nusu ya unene uliohitajika. Kwenye mfano wa kenchi ndani ya kompyuta, nodi ni nukta, haina unene wala msumari. Kwetu nodi ni misumari minne, mara nyingine mitatu, kutegemea fundi ana mingapi mfukoni.

Halafu upepo. Huku tunafundishwa theluji, mzigo unaokwenda chini. Paa letu la mabati ni jepesi, adui yake ni upepo unaolinyanyua, na kila msimu tunasikia shule imeezuliwa. Upepo ukilinyanyua, nguvu zote zinageuka: mbao ya chini iliyokuwa ikivutwa sasa inagandamizwa, nayo ina mita 8 bila papi hata moja. Mchoro wenye mzigo wa kwenda chini pekee kwangu ni nusu mchoro.

Wapo wanaosema basi programu zipigwe marufuku mpaka mwaka wa mwisho. Hapana bwana. Kenchi halisi ina mbao kumi na zaidi, na kujaribu mizigo mbalimbali kwa kalamu ni kujitesa. Ninachotaka ni kamati zetu zisipokee mchoro usio na ukurasa mmoja wa mkono: maegemeo yameelezwa kwa maneno, nguvu za kwenye maegemeo zimejumlishwa zikalingana na mzigo, mbao moja imepigiwa hesabu kwa kalamu, na upepo wa kunyanyua umehesabiwa. Halafu mhandisi aliyesajiliwa kule kule, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kwa Tanzania au Bodi ya Wahandisi kwa Kenya, aende akauone ukuta kabla ya kuweka sahihi.

Jambo dogo la mwisho kwa wahandisi wenzangu. Leseni za wanafunzi tunazotumia zina mwisho. CalculiX ni ya bure na kenchi inaiweza. Haijui vipimo, kwa hiyo ukichanganya mita na milimita itakujibu vile vile kwa adabu. Anzeni na hii ya mita 8, mara moja na rola na mara moja bila rola, kisha mlete majibu kwenye mkutano tuyabandike ukutani.