Daluga Kabla ya Kutundikwa

Mchezaji mkongwe akikosa mabao katika mechi tatu, vijiwe vya Tindiga, sawa na vya Kilosa mjini na Mikumi, hugeuka mahakama. Huyu humtaka atundike daluga; yule hudai amekwisha kutia saini kwingine. Mwenyewe hajatamka neno.

Mfano ni John Bocco. Alipanda Ligi Kuu na Azam mwaka 2008, akatwaa nayo ubingwa wa 2013/14, kisha akahamia Simba mwaka 2017 na kushiriki katika ubingwa wa misimu minne mfululizo. Mabao yake ya ligi yalipita 100. Hata hivyo, alipoagana na Simba mwaka 2024, wako waliodhani amekwisha. Akajiunga na JKT Tanzania. Jungu kuu halikosi ukoko.

Hatusemi mpenzi wa kandanda asitoe maoni. Kiingilio ametoa yeye. Lakini mkulima wa mpunga hamfukuzi mzee shambani kwa kuwa jembe limemwia zito. Humwachia kazi ya kuchagua mbegu.

Tunavitaka vilabu vimweleze mchezaji hatima yake mapema, ana kwa ana, kabla mkataba haujaisha, na vimpeleke kwenye mafunzo ya ukocha angali anacheza. Nao mashabiki wakumbuke kwamba miaka 35 uwanjani ni uzee, lakini nyumbani mtu huyo ndiyo kwanza ana watoto wa kusomesha.